Fundi Brashi na Kiti Kilichobaki Wazi

Siku Mzee wa Kiti alipotangaza kwamba hagombei tena, wengi walishtuka, wachache walifurahi kimoyomoyo, na mtu mmoja tu alishindwa kumaliza chakula chake cha mchana. Mtu huyo hakuwa mgombea wala jamaa ya mgombea. Alikuwa fundi wetu wa maandishi, mtu mwembamba aliyerefuka kama ngazi yake mwenyewe, ambaye sote tulimwita Fundi Brashi hata jina alilopewa na wazazi wake likachakaa kwa kutotumika.

Mzee wa Kiti alikuwa mbunge wetu kwa miaka ishirini na mitano. Vipindi vitano, bila kupumzika hata kidogo. Alitangaza kustaafu pale sokoni, akiwa amekaa, maana kusimama kulishamshinda. Alisema magoti yake yamezikataa ngazi za bungeni, na mtu akishakataliwa na magoti yake mwenyewe hana haja ya kuwasumbua wananchi wamkatae tena. Watu wakacheka, wengine wakapangusa macho, na kabla hajafika nyumbani kiti chake kilikuwa kimeshapata watu watatu wa kukitamani. Kufikia mwisho wa wiki walikuwa saba. Kiti kikiwa wazi, kila mwenye pa kukalia hujiona kinamtosha.

Sasa, kilichomkosesha Fundi hamu ya kula ni jambo ambalo wakati ule hakuna aliyelijua, isipokuwa yeye na mkewe. Fundi Brashi, mtu aliyeandika kila kibao cha mji huu, kuanzia duka la dawa hadi lango la makaburi, alikuwa hajui kusoma.

Usishangae sana. Utotoni alikuwa mbeba makopo kwenye ghala la rangi, wakati wenzake wako darasani. Alipozoea kukaa na makopo, akaanza kuyachora: kopo lenyewe, kivuli chake, na yale maandishi yaliyo ubavuni. Kwake herufi zilikuwa picha kama picha nyingine. Hii ina tumbo, hii ina mguu mmoja, hii imekaa kama kuku anayeatamia. Mkono wake ulikuwa wa ajabu. Ukimpa karatasi yenye maneno, atakutolea ukutani maneno yaleyale, makubwa, yamenyooka, yana kivuli cha bluu kwa chini, na hutakuta kosa hata la nukta. Ila ukimuuliza yanasema nini, atakuambia, “Si umeyaleta wewe?” Utacheka, utalipa, utaondoka.

Kumbe msomaji alikuwa mkewe, Mama Pacha. Mteja akileta maneno, karatasi ilipita kwanza jikoni. Mama Pacha anaisoma, anamwambia hii ni ya saluni, hii ya fundi saa, hii imekosewa mrudishie mwenyewe. Kisha anaibana pamoja na picha yake kwa kibanio cha nguo, na Fundi anachukua ngazi. Miaka thelathini walikwenda hivyo, kama watu wawili wanaobeba meza moja mlangoni. Mmoja akisema kushoto, mwenzake anajua.

Na walikuwa na hila zao. Kubwa kuliko zote ilikuwa pazia la magunia. Fundi akifanya kazi kwenye ukuta wa hadharani alitundika kwanza pazia refu lililoshonwa kwa magunia, akaingia nyuma yake na makopo yake, na hakuna aliyeruhusiwa kuchungulia mpaka kazi iishe. Sisi tulidhani ni maringo ya ufundi. Tulipenda hata kukusanyika kungojea pazia lishushwe. Sababu ya kweli ni kwamba aliogopa mpita njia asimame chini ya ngazi aseme, “Fundi, hiyo herufi ya tatu vipi?” naye asijue tatu kuanzia upande gani.

Hila nyingine ilikuwa miwani. Alikuwa nayo siku zote, imepandishwa kipajini, na akitakiwa kusoma kitu ghafla alikuwa akisema ameisahau nyumbani.

Ndiyo maana Mzee wa Kiti alikuwa baraka. Kila baada ya miaka mitano yalikuwa ni maneno yaleyale, MTU WETU NI YULE YULE, na uso uleule. Fundi aliyajua maneno yale kama anavyojua mgongo wa mkewe. Alichobadilisha ni nywele tu. Uchaguzi wa kwanza alizipaka nyeusi tititi, wa pili akaongeza mvi mbili tatu kwenye masikio, na kufikia wa tano kopo la rangi nyeupe liliisha kabla ya lile jeusi. Sasa Mzee anastaafu, na maneno mapya yanakuja, ya watu saba, kwa haraka, kwa makelele.

Kama kawaida ya mambo, wakati huo huo binti yao, mmoja kati ya pacha wao wawili, akajifungua mji wa mbali, na Mama Pacha akafunga mzigo kwenda kumlea mzazi. Miezi miwili. Kituoni alimshika mumewe mkono akamwambia asipokee kazi yenye haraka. Fundi akasema sawa, mke wangu. Basi lilikuwa halijakata kona pale kwenye kituo cha mafuta naye ameshapokea kazi mbili.

Moja ilitoka kwa Mkandarasi. Huyu ndiye aliyechimba visima vya nusu ya wilaya. Mtu mnene, mchangamfu, sharubu zimechongwa kama mabano, na sifa yake kwa akina mama ilikuwa kubwa kuliko ilivyompendeza mkewe. Ya pili ilitoka kwa Mama Sindano, muuguzi wa zahanati yetu. Huyo hakuhitaji kujieleza. Kila mtu wa chini ya miaka thelathini katika mji huu amewahi kulia mbele yake. Alichanja mtoto wa kwanza wa Fundi na wa pili siku moja, mmoja mkono wa kulia na mwingine wa kushoto ili, alivyosema, wasigombanie.

Wote wawili walitaka soko. Soko letu lina kuta mbili ndefu zinazotazamana, moja upande wa wauza nafaka na nyingine upande wa wauza mboga, na hakuna anayenunua chumvi asizione. Mkandarasi akachukua upande wa nafaka, Mama Sindano upande wa mboga. Kila mmoja akaleta picha yake, na maneno aliyoyaandika mwenyewe kwenye karatasi ya daftari. Majina hawakutaka. Mkandarasi alisema kama kuna mtu hajui uso wake basi huyo hana kisima. Siku ya kufunuliwa ikapangwa Jumamosi, siku ya gulio, ili waonekane pamoja.

Fundi akafanya alivyofundishwa. Akabana kila karatasi na picha yake kwa kibanio, akavitundika kwenye kamba karakanani, akaenda kununua rangi. Karakana yake ni chumba kimoja kando ya barabara, rafu zimejaa makopo yaliyokauka midomoni, harufu ya mafuta ya taa, na juu ya mlango kibao chake mwenyewe. Kibao hicho kikumbuke. Aliandikiwa maneno yake na mkewe zamani, na mistari yake miwili, kama alivyoambiwa, ilisema: FUNDI WA MAANDISHI NA PICHA, MKONO WAKE HAUTETEMEKI KAMWE. Alikipenda sana. Aliona kwamba kila mteja mgeni akishakitazama huingia ndani akitabasamu, naye akajua hiyo ndiyo nguvu ya herufi nzuri. Mtu mmoja tu hakuvutiwa, mama mmoja mwenye saluni ambaye zamani hizo alikuwa akija mara kwa mara kuulizia bei. Kibao kilipopanda, alikisoma akiwa barabarani, akageuza, na hakurudi tena. Fundi alidhani amepata fundi wa bei nafuu.

Aliporudi na rangi, upepo ulikuwa umeingia karakanani. Kamba imekatika, vibanio viko sakafuni, picha mbili na karatasi mbili zimetawanyika kama wanafunzi baada ya kengele.

Alizipanga mezani akazitazama. Picha alizijua. Karatasi zilikuwa mbili za daftari, sawa kwa ukubwa. Moja ilikuwa na mwandiko mzuri, umenyooka, herufi zimekaa mstarini kama watoto wanaosubiri uji. Nyingine ilikuwa imevurugwavurugwa, kama kuku alikanyaga wino akaenda zake.

Akampigia simu mkewe. Mama Pacha alikuwa ameshika mjukuu mikono yote miwili, simu ameibana begani, akamwuliza zimeandikwaje. Fundi akasema moja imeandikwa vizuri. Mama Pacha akasema hilo halimsaidii mtu. Mtoto akaanza kulia, simu ikakatika.

Akatoka na karatasi moja hadi kwa jirani yake, fundi viatu, akamwomba amsomee kwa kuwa amesahau miwani. Fundi viatu, msumari mdomoni, akamtazama kipajini. Akamwambia miwani iko kichwani. Fundi Brashi akaipapasa, akacheka kicheko kirefu kuliko kilichohitajika, akarudi ndani na karatasi yake.

Ikabidi atumie akili. Akawaza hivi: watu wa hospitali wana miandiko mibaya, dunia nzima inajua, cheti cha dawa husomwa na mwenye duka la dawa na Mungu peke yake. Mkandarasi naye ni mtu wa ramani, rula na kamba, kila kitu chake sharti kinyooke. Kwa hiyo karatasi nzuri ni ya Mkandarasi, na ile ya kuku ni ya Mama Sindano. Akaona amepata. Akazibana upya, akabeba ngazi.

Ila alisahau kitu kimoja. Mama Sindano hakuwa daktari. Alikuwa mjaza kadi za watoto, na kwa miaka ishirini na saba alikuwa ameandika majina madogo ndani ya vijumba vidogo, kwa unadhifu ambao mama wa mtoto angeweza kuutegemea. Mkandarasi kwa upande wake alikuwa na watu wa kumchorea na kumwandikia. Yeye kalamu alikuwa akiishika kwa kusaini tu.

Jumamosi gulio lilijaa. Kundi la Mkandarasi lilikuja na ngoma upande wa nafaka. Kundi la Mama Sindano lilikuja na nusu ya akina mama wa mji upande wa mboga. Shangazi Nyanya, muuza nyanya ambaye ni shangazi wa kila mtu na ndiye mwenye sauti kuliko wote pale sokoni, alisogeza meza yake kidogo ili watu waone. Fundi, shati jeupe, miwani kipajini, akavuta kamba ya kwanza kisha ya pili, na mapazia yote mawili yakaanguka.

Nyuso zilikuwa safi kabisa. Sharubu za Mkandarasi ungeweza kuzihesabu. Chini yake, kwa herufi za urefu wa mkono, na kivuli cha bluu: WATOTO WA HAPA WOTE NI WANGU.

Na upande wa pili, Mama Sindano ndani ya sare yake nyeupe, anatabasamu, na chini yake: NIKIANZA KUCHIMBA SIACHI MPAKA MAJI YATOKE.

Kwanza palikuwa kimya, kimya cha watu wanaosoma mara ya pili. Halafu mtu mmoja upande wa nafaka akatoa sauti kama puto linalovuja. Na baada ya hapo, jamani, sijui niseme nini. Watu walikaa chini. Mpiga ngoma aliegemea ngoma yake. Mzee mmoja alisema sasa anaelewa kwa nini bega lake la kushoto halijapona tangu chanjo ile. Shangazi Nyanya alimtazama Mkandarasi ukutani, kisha Mkandarasi mwenyewe, kisha watoto waliokuwa wamejaa pale mbele, akawauliza kama wameshamwamkia baba.

Fundi alikuwa amesimama katikati, kamba mkononi, anatabasamu. Alidhani ni furaha. Tabasamu lilimtoka taratibu, kama maji kwenye ndoo yenye tundu, kadiri alivyoona Mkandarasi anavyomjia.

Mkandarasi hakupiga kelele. Alikuwa amekasirika kupita kelele. Alimwambia, mbele ya watu wote, kwamba amemwamini na yeye amemuuza. Mke wake alikuwa amesimama palepale, amesoma, na ameondoka bila kusema neno, na yeye anayemjua anajua kuondoka bila neno maana yake nini. Akasema hilo si kosa la bahati mbaya. Fundi huyu hajakosea hata nukta kwa miaka thelathini, kila mtu ni shahidi. Huu ni mchezo, na mchezo una mwenyewe. Akamnyooshea kidole Mama Sindano. Wapambe wake wakadakia kwamba shauri litafika tume leo leo, na mgombea anayehonga mafundi kuchafua wenzake jina lake likatwe.

Watu wakaacha kucheka, wakaanza kunong'ona, na wale waliomzunguka Mama Sindano nao wakaanza kumtazama kwa pembe ya jicho. Hapo ndipo Fundi alipoelewa amefika wapi. Mbele yake palikuwa na milango miwili. Akinyamaza, atabaki fundi mjanja aliyenunuliwa, na Mama Sindano atakatwa jina kwa kosa asilolijua. Akisema, atakuwa mwandishi wa mji asiyejua kusoma, na nani tena atampa ukuta?

Mama Sindano alikuja mpaka alipo. Naye alikuwa na hasira, maana uso wake nao ulikuwa ukutani ukiahidi kutoa watu maji. Lakini alimwuliza kwa sauti ileile aliyotumia kwa watoto kabla ya kuwachoma.

“Fundi, mimi nimekutuma?”

“Hapana, dada yangu.”

“Basi waambie kilichotokea.”

Fundi akavua miwani kipajini. Akaikunja, akaitia mfukoni, kana kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa nzito.

“Sijui kusoma,” alisema. “Sikuwahi kujua. Mke wangu ndiye anayenisomea, na yuko safarini. Karatasi zilidondoka, nikazibana kwa kukisia.”

Shangazi Nyanya ndiye aliyekuwa wa kwanza kupata sauti. Alisema huo ni uongo, meza yake imeandikwa na mtu huyuhuyu, NYANYA ZA LEO SI ZA JANA, na haina kosa. Fundi akamwambia aliichora tu, kama angechora nyanya. Basi Shangazi akachukua kipande cha mkaa, akaandika neno kwenye boksi, akamwonyesha. Fundi akalitazama kwa muda. Akasema ni maandishi mazuri, ila herufi ya pili imelala. Neno lenyewe lilikuwa PUNDA.

Tukaamini.

Mkandarasi bado hakuridhika. Akataka kujua, hata kwa kukisia, ilikuwaje karatasi yake ikadhaniwa ya muuguzi. Fundi akaitoa mfukoni, akamweleza ile hesabu yake ya miandiko ya hospitali. Karatasi ikapita mkono kwa mkono. Dereva wa Mkandarasi, ambaye alikuwa kimya tangu asubuhi, akaitazama na kusema kwa heshima kwamba hata yeye, bosi, mwezi uliopita aliandikiwa anunue saruji akarudi na sufuria. Mkandarasi akamkazia macho. Halafu sharubu zikaanza kutikisika, na akacheka mpaka akashika meza ya Shangazi.

“Haya,” alisema akijifuta macho, “mimi nimekusamehe. Sasa twende ukamwambie mke wangu.”

Na kweli walikwenda, wawili, kwa miguu. Tuliambiwa baadaye kwamba mke wa Mkandarasi aliwasikiliza mpaka mwisho, akakubali kwamba fundi amekosea karatasi. Akasema tatizo lake lilikuwa moja tu: yeye aliposoma ukuta na kumtazama aliyechorwa, hakuona kosa.

Mchana ule Fundi alipaka chokaa juu ya maneno na kuandika upya kuta zote mbili, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alifanya kazi bila pazia. Watu walikaa chini ya ngazi wakimsomea herufi moja moja, wakibishana, wakimwambia shuka kidogo, panda kidogo. Alishangaa kuona ni raha. Alipokuwa anaosha brashi, Shangazi Nyanya akamjia na swali lililokuwa likimkereketa.

“Fundi wangu. Na kile kibao cha mlangoni kwako? Unajua kimesema nini?”

Fundi akasema anajua, mkono wake hautetemeki kamwe. Shangazi akaziba mdomo kwa kanga. Akawatazama wenzake, nao wakatazama pembeni. Fundi akawaomba wamwambie. Hakuna aliyethubutu. Walisema hilo ni la mwenyewe, amsubiri mwenyewe.

Mwenyewe alirudi wiki iliyofuata, kabla ya miezi miwili kwisha, maana habari zilimkuta hukohuko. Fundi alidhani atapewa pole. Badala yake Mama Pacha aliweka mzigo chini, akakaa kitandani bila kuvua viatu, akasema amesikitika. Fundi akaomba radhi kwa aibu aliyomletea. Mkewe akatikisa kichwa. Aibu haikuwa shida yake.

“Ile siri ilikuwa yetu wawili, Baba Pacha. Umeigawa soko zima, mimi nimebaki na nini?”

Fundi akaenda kumchemshia chai. Alipoileta alimwambia kwamba watu wa elimu ya watu wazima wamempa nafasi, jioni, shuleni, bure, ila yeye hataki kusomeshwa na mgeni mambo ambayo mtu wa nyumbani anayajua. Mama Pacha akanywa chai. Baada ya muda akavua viatu.

Darasa lao ndilo lililotuchekesha mji mzima, na kutupa wivu kidogo. Hawakununua kitabu. Kila alasiri walitoka wawili, wakatembea mtaa hadi mtaa, na mke akamsomesha mume kwa vibao alivyoviandika mwenyewe. Waliwahi kusimama mbele ya duka la dawa kwa nusu saa. Fundi alikuwa ameujaza mji maneno, na hakuwahi kuonja hata moja. Sasa alikuwa akiyakuta moja moja, kama mtu anayetambulishwa kwa watoto wake. Lile alilomaliza kwanza bila msaada lilikuwa YULE YULE, kwenye ukuta uliofifia nyuma ya posta, kwa sababu, alivyosema, lilikuwa jepesi, ukishashika la kwanza la pili umelipata bure. Kibao cha karakana walikipita kila siku. Mama Pacha alimwambia hicho ni mtihani wa mwisho.

Siku ya kura ilifika. Msimamizi alimwuliza Fundi kama anahitaji wa kumsaidia, maana sasa mji wote ulijua. Akasema hapana, karatasi ina picha, na nyuso mbili kati ya hizo saba anazijua mpaka vinyweleo. Hakusema alimchagua nani. Mama Sindano alimshinda Mkandarasi kwa kura mia nne na ushei, wale watano wengine wakagawana makombo. Mkandarasi alimpongeza siku hiyohiyo. Akasema pia kwamba angeshinda kama watoto wa hapa wote wangekuwa na umri wa kupiga kura.

Kazi ya kwanza ya mbunge mpya alipewa Fundi: mlango wa ofisi. Ulikuwa bado na jina la Mzee wa Kiti, herufi za dhahabu, mkono wa Fundi mwenyewe wa miaka ishirini na mitano nyuma. Alikuwa analikwangua kwa msasa Mzee alipotokea ndani, mkongojo mkono mmoja, mto wa kukalia mkono wa pili. Ndicho kitu pekee alichokuja kuchukua.

“Hata wewe, Fundi, unanifuta?”

“Nafuta jina, Mzee wangu. Cheo nakiacha.”

Mzee akatazama mlango. Juu, peke yake, lilikuwa limebaki neno moja. Akamwuliza Fundi kama anajua linasema nini. Fundi akarudi nyuma hatua mbili, akakunja macho, midomo ikamcheza.

“M-bu-nge,” akasema. Kisha, kwa haraka, “Mbunge.” Mzee akacheka, akamwachia mto amshikie wakati anashuka ngazi, akamwambia yeye mwenyewe lilimchukua muda mrefu zaidi kulielewa.

Alipotoka pale Fundi hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja karakanani, akasimama barabarani, mahali palepale alipokuwa akisimama yule mama wa saluni, akainua macho. Mstari wa kwanza aliumaliza upesi. Kwenye wa pili alitulia. Fundi viatu aliacha kugonga. Mama Pacha, aliyekuwa amekaa kibarazani anachambua mboga, akainamia sahani yake kama mtu aliyeona mdudu humo.

“A-na,” alisoma Fundi. “Ana m-ke. Ana mke.” Akasogea hatua moja. “Te-na… tena mka-li.”

FUNDI WA MAANDISHI NA PICHA. ANA MKE, TENA MKALI.

Miaka ishirini na miwili kilikuwa hapo, jua na mvua, na alikipaka vanishi mwenyewe kila mwaka.

Aliingia ndani, akatoka na ngazi, kopo la nyekundu na brashi nyembamba. Fundi viatu aliniambia alidhani anakwenda kukifuta. Alipanda mpaka juu, akachovya, na akaanza kuyapitia yale maneno ya mstari wa pili, pole pole, akiyasoma kwa sauti kadiri anavyokwenda, mkono hautetemeki.

Mama Pacha alimwacha afike mwisho. Ndipo alipoinua kichwa kutoka kwenye mboga zake, akakikagua kibao.

“Hilo la mwisho bado limefifia,” alimwambia. “Likoleze.”